Kati ya Pato na Chumo

Binti wa dada yangu anauza vitenge na mashuka kwa njia ya mtandao, kutoka chumba kimoja cha kupanga nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Wateja wake wengi hajawahi kuwatia machoni. Anaweka picha ya kitambaa, mteja wa Dodoma au Songea anachagua, analipa kwa simu, na jioni kifurushi kinapelekwa stendi kupakiwa kwenye basi. Mwaka jana alianzisha pointi. Kila shilingi 1,000 za manunuzi zinampa mteja pointi moja, na pointi moja itampunguzia shilingi 50 siku atakayorudi kununua. Miezi sita ilipotimia aliniletea daftari nimsaidie kulifunga. Juu ya ukurasa alikuwa ameandika vichwa viwili, MAPATO na ZAWADI. Chini ya mapato tarakimu zilishuka mpaka mwisho wa karatasi, jumla shilingi 20,000,000. Chini ya zawadi palikuwa peupe.

"Hizi pointi umeziandika wapi?" nikamuuliza.

"Mjomba, zile si zawadi tu? Nitaziandika mteja akija kuzichukua."

Nimefundisha utunzaji wa daftari kwa miaka mingi, na nimezoea kuwinda kosa kwenye tarakimu. Safari hii tarakimu zilikuwa safi. Kosa lilikaa kwenye vichwa vya safu. Neno zawadi lilikuwa limeshapiga hesabu kabla yeye hajashika kalamu, na lilikuwa limekosea. Neno mapato, ambalo mimi mwenyewe nimelitamka darasani bila kulitilia shaka, lilikuwa limelisaidia kukosea.

Zawadi, kwa Mswahili, haina mdai. Ukiniahidi kanga ya sikukuu kisha usiilete, nitanuna, pengine nitakusema kwa majirani, lakini sitakwenda kukushtaki baraza la kata. Mtoa zawadi husifiwa kwa sababu hakulazimika. Lazima ikiingia, zawadi inatoka, na kinachobaki kinahitaji jina jingine.

Sokoni kuna neno linaloisogelea pointi kuliko zawadi, nalo ni nyongeza. Mama wa nyanya akishakuhesabia fungu, unasimama kidogo bila kuondoka, naye anachukua nyanya moja anaitia kwenye mfuko wako. Asiyesubiri nyongeza huonekana mgeni. Muuzaji aliijua tangu asubuhi na bei ya fungu aliipanga akiikumbuka, kwa hiyo nyanya ile imelipiwa hata kama hakuna aliyeitaja. Kwa mhasibu nyongeza haina taabu yoyote. Imetoka pamoja na fungu, fedha imeingia, jambo limekwisha papo hapo.

Sasa chukua nyongeza hiyohiyo, usimpe mteja leo. Mwambie itakuwa kwako mpaka atakaporudi. Imelipiwa kama ilivyolipiwa nyanya ya sokoni, lakini haijatoka. Hiyo ndiyo pointi.

Wamarekani waliizoea biashara hii mapema. Kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza mwaka 1896 kuyauzia maduka stempu za kijani. Mnunuzi alipewa stempu kwa kadiri ya alichonunua, akazibandika kwenye kijitabu, na kijitabu kikijaa akakibadilisha kwa bidhaa. Mei 1981 shirika la ndege la American Airlines likaanzisha AAdvantage, na maili za angani zikachukua nafasi ya stempu. Nyuma ya mipango yote ya namna hii wahasibu walikuwa wakibishana. Wapo waliosema pointi ni gharama ya kuvutia wateja, sawa na bango la barabarani: andika mauzo yote leo, weka pembeni akiba ndogo ya gharama ya kuzitimiza. Wengine wakasema hapana, mteja amenunua vitu viwili kwa bei moja, kimoja amekichukua na kingine amekiacha dukani. Ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2007, ulioitwa IFRIC 13, ukawapa haki hawa wa pili. Kisha ukaja IFRS 15, kiwango cha mapato yatokanayo na mikataba na wateja, kilichotolewa Mei 2014 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kikauchukua msimamo huo ndani yake. Kenya inatumia viwango vya kimataifa tangu 1999, Tanzania tangu Julai 2004, kwa hiyo ubishi ule wa mbali ni wetu pia.

Hakuna mkaguzi atakayekuja kwenye chumba cha Msimbazi kumdai binti huyu IFRS 15. Lakini hoja iliyomo ndani yake ni ya mtu yeyote anayeuza. Kiwango kinauliza hivi: je, mteja amepata haki ambayo asingeipata kama asingenunua, tena haki yenye uzito? Punguzo la sikukuu ambalo hata mpita njia anapewa halina mkataba ndani yake, ni mwaliko tu. Pointi anayo aliyenunua peke yake. Ameipata kwa fedha yake, na sehemu ya fedha hiyo ni ya pointi.

Kwa kitu hicho ninapendekeza neno stahiki. Halihitaji kamati ya kuliunda, limo midomoni mwa watu. Mwalimu aliyehamishwa bila posho ya uhamisho anadai stahiki zake. Mstaafu anafuatilia stahiki zake dirisha kwa dirisha. Hakuna anayelisikia neno hilo akadhani ni hisani. Ndani yake mna kustahili, na kustahili kuna sababu: umefanya kazi, au umelipa. Duka linaloandika "stahiki za wateja" kwenye daftari lake haliwezi kujisahau na kuona kwamba ni ukarimu wake. Kwenye tangazo na waandike zawadi wakipenda, tangazo lina lugha yake. Ila kwenye hesabu neno hilo lisiingie.

Tukakaa chini tukahesabu. Mauzo ya shilingi 20,000,000 yamezaa pointi 20,000. Kwa kuwatazama wateja wake wanavyorudi, binti alikadiria kwamba katika kila pointi kumi, nane zitatumika. Kwa hiyo pointi 16,000 zitakuja kudaiwa, na kila moja ni shilingi 50, jumla 800,000. Kama angeuza mashuka peke yake bila pointi, thamani yake ni 20,000,000. Kama angeuza pointi peke yake, thamani yake ni 800,000. Pamoja ni 20,800,000, lakini wateja wametoa 20,000,000 tu. Basi fedha iliyotolewa inagawanywa kwa uwiano: 19,230,769 ni ya mashuka na vitenge, 769,231 ni ya pointi. Ile ya kwanza anaiandika sasa, maana bidhaa zimeshafika. Ya pili anaiweka upande wa madeni. Katika pointi 16,000 anazozitarajia, zikishatumika 8,000, nusu ya deni, yaani 384,615, inavuka na kuwa mauzo. Akigundua baadaye kwamba wateja wana kumbukumbu nzuri kuliko alivyodhani, na kwamba zitakazodaiwa ni 17,000, habadilishi 769,231 ile. Anabadilisha kigawanyo. Zikifika pointi 13,600 zilizotumika tangu mwanzo, atakuwa amemaliza asilimia 80 ya kazi, jumla ya kuvukisha ni 615,385, na akitoa alichokwisha kukivukisha anabaki na 230,770 ya kuandika kwa kipindi hicho.

Binti alikunja uso. "Lakini Mjomba, hela yote ninayo. Nimeshaipata."

Hapo ndipo neno la pili liliponishika. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu ndivyo Kiswahili kilivyomwambia. Mapato yanatokana na kupata, na kupata ni kitenzi kisichouliza maswali. Mtu anapata barua, anapata mtoto, anapata malaria, anapata ajali. Kitu kimekujia, basi umekipata. Ulifanya nini ili kikujie si shauri la kitenzi hiki. Tukaliweka neno hilo mbele ya kanuni ambayo kazi yake nzima ni kuuliza ulifanya nini. Mwanafunzi akiambiwa kwamba fedha aliyopata bado si mapato, anahisi amechezewa, na hisia yake ni sahihi. Neno linasema moja, kanuni inasema jingine.

Lakini lugha hii ina kitenzi kingine, kuchuma. Kuchuma kwanza ni kukwanyua: Pemba wanachuma karafuu, Mufindi wanachuma chai, na mchumaji hulipwa kwa alichokipima mizanini. Kisha neno likapanda likawa la mali, mtu akasemwa amechuma, na kutokana nalo tukapata uchumi, ambao leo tunautamka kwenye bajeti bila kukumbuka vidole vya wachumaji. Kati ya kuchuma na uchumi limebaki neno chumo. Wazee na mashehe wanalipenda. Husema chumo la halali na chumo la haramu, na katika semi hizo mbili kuna kila kitu anachokitaka mhasibu: kwamba mali ina njia iliyopitia, na njia hiyo huulizwa. Huwezi kuchuma ajali. Huwezi kuchuma kitu ambacho hukukinyooshea mkono.

Basi ningefundisha hivi. Pato ni fedha inapogusa simu yako. Chumo ni fedha ileile baada ya wewe kutimiza ulichoiuzia. Siku nyingine pato na chumo hutokea kwa pamoja, kama kwa mama wa nyanya, na ndiyo maana lugha ya sokoni haikuhitaji kuvitenganisha kila mara. Mtandao umeviweka mbali, siku tatu kwa kifurushi cha Songea, mwaka mzima kwa pointi. Sisemi tulifute neno mapato. Limeshaota mizizi kwenye sheria za kodi, na pato la taifa litabaki pato la taifa. Nasema darasani na kwenye daftari tuwe na maneno mawili pale ambapo mambo ni mawili.

Ofisini wanasema mapato yaliyoahirishwa. Istilahi hii siipendi, na nitasema sababu. Kuahirisha ni kwa mkutano, au kwa kesi: kikao kilikuwa tayari, mwenye mamlaka akaamua kisogezwe. Ukisema mapato yameahirishwa unampa mwenye duka sura ya mtu aliyejinyima haki yake kwa hiari. Hakuahirisha chochote. Fedha ile haijaiva. Wakulima wana maneno mbichi na mbivu, na mwenye duka la mtandaoni anayahitaji kuliko anavyodhani. Pato la pointi ni chumo bichi. Likiiva litachumwa, na kuiva kwake kuko mikononi mwa mteja.

Wakati haijaiva, fedha hiyo ni nini? Ni deni, na kwenye madeni Kiswahili ni tajiri kwa sababu pwani hii imekopeshana tangu zamani. Wafanyabiashara wana mali kauli: unachukua mzigo kwa neno lako tu, unauza, unarudi kulipa. Bidhaa imetangulia, fedha inafuata. Pointi, kadi ya zawadi, na oda iliyolipiwa kabla ya kutumwa ni mali kauli iliyogeuzwa, maana fedha imetangulia na bidhaa inafuata, na aliyeshika kauli ni mwenye duka. Kuna arabuni, neno la Kiarabu la fedha ya kwanza anayotoa mnunuzi kuonyesha kwamba amenuia. Kuna hundi, iliyovuka bahari kutoka India ikiwa karatasi ya ahadi kati ya wafanyabiashara, kabla benki hazijaifanya kuwa yao. Ninapomweleza mwanafunzi salio la pointi, naanza na hundi. Anaelewa mara moja kwamba karatasi inaweza kuwa fedha ya mwenye kuishika na deni la mwenye kuiandika, kwa wakati mmoja.

Vitabuni utakutana na dhima pia. Ni neno zuri, lina uzito wa jambo lililo shingoni mwa mtu. Kwa bahati mbaya wanafunzi wetu wamelikuta kwanza katika fasihi, ambako dhima ya hadithi ni kazi yake katika jamii, na ukiwaambia duka lina dhima ya shilingi 769,231 wanasubiri uwaeleze funzo lake. Mimi nasema deni. Na methali ya ahadi ni deni, ambayo lazima mtu ataitaja hapa, naiheshimu lakini inafika mbali kuliko daftari linavyoweza kufika. Methali haijali kama ahadi ililipiwa. Daftari linajali hilo tu. Ahadi ya binti huyu kwamba mwakani ataleta vitenge vizuri zaidi ni deni mbele za watu, lakini haina safu.

Jambo la makabidhiano linahitaji maneno machache. Mauzo ya mtandaoni yanaingia vitabuni wakati bidhaa inapokuwa chini ya mamlaka ya mteja, na kubofya kitufe hakumpi mteja mamlaka juu ya shuka. Lini inakuwa yake inategemea makubaliano: ikiwa hatari ya njiani ni ya duka, basi ni pale kifurushi kinapopokelewa Songea. Neno makabidhiano linafaa kwa sababu halikamiliki bila watu wawili. Kwa bidhaa zinazorudishwa, hata hivyo, nisingetumia marejesho, ingawa nimeliona limetumika. Kwa mtu wa kikundi cha kukopeshana cha VICOBA marejesho ni fedha ya mkopo anayoirudisha kila wiki, na neno hilo lina kazi ya kutosha. Tuseme bidhaa zilizorudishwa. Duka linaloruhusu kurudisha linakadiria tangu mwanzo ngapi zitarudi, na fedha ya hizo halihesabu kuwa chumo.

Ukurasa wa pili wa daftari ulikuwa na jambo lililonifurahisha zaidi kama mpenda maneno, na kunisumbua zaidi kama mhasibu. Binti ana rafiki Tanga anayeshona makubadhi. Picha za makubadhi zinawekwa kwenye ukurasa wa duka la binti, mteja analipa 30,000 kwa jozi, rafiki anatuma mzigo mwenyewe, na binti anampelekea 27,000. Kwenye mapato alikuwa ameandika 30,000 kwa kila jozi.

Nikamuuliza, "Chumba hiki alikupatia nani?"

"Dalali."

"Alikula shilingi ngapi?"

"Kodi ya mwezi mmoja."

"Kodi ya mwaka mzima si ilipita mikononi mwake akampelekea mwenye nyumba?"

Akacheka, akachukua rula.

Dalali ni neno ambalo vitabu vyetu vya uhasibu havilitumii vya kutosha, nadhani kwa sababu limechafuliwa na madalali wabaya. Wanapendelea wakala. Lakini wakala katika masikio ya leo ni mwenye kibanda cha kuweka na kutoa fedha, ingawa yeye pia ni shahidi mzuri: milioni zinapita mezani kwake kwa siku, na anajua bila kufundishwa kwamba chake ni kamisheni. Dalali ana kitu cha ziada. Anasimama mbele ya mali isiyo yake, anaisifu, anaitafutia mnunuzi, na bado haiwi yake hata kwa dakika moja. Hilo ndilo swali lenyewe la kiwango: kabla bidhaa haijamfikia mteja, ilikuwa chini ya mamlaka ya nani? Alama zake zinasemeka kwa lugha ya Kariakoo. Mzigo ukifika umechanika, nani atapigiwa simu? Bidhaa zikidoda, zinadoda kwa nani? Bei anaipanga nani? Makubadhi yakidoda yanadoda Tanga. Binti ni dalali, na chumo lake kwa jozi ni 3,000.

Swali hili ndilo linaloamua ukubwa wa duka la mtandaoni machoni pa dunia. Jumia, iliyoingia kwenye soko la hisa la New York Aprili 2019, imekuwa ikitoa tarakimu mbili tofauti: thamani ya bidhaa zote zilizouzwa kupitia jukwaa lake, na mapato yake yenyewe, ambamo bidhaa za wauzaji wengine zinaonekana kama kamisheni na ada tu. Amazon nayo inahesabu bei nzima kwa vitu inavyoviuza yenyewe, na kwa vitu vya wauzaji wengine inahesabu sehemu yake. Msomaji wa habari za biashara anayekutana na neno mauzo bila kuambiwa ni ya mwenye mali au ya dalali hajaambiwa kitu. Ningependa kuona magazeti yetu yakiandika udalali waziwazi, kwa herufi zilezile ambazo mitaa imelizoea neno hilo.

Limebaki neno moja, nalo ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye mipango hii yote: uaminifu. Mteja mwaminifu, programu ya uaminifu, tuzo za uaminifu. Kuamini, imani, mwaminifu na amana ni maneno ya ukoo mmoja, yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa kwako ukitunze. Basi tazama mpango wa pointi kwa macho ya ukoo huu. Mteja amelipa. Sehemu ya malipo yake imebaki dukani, haijawa bidhaa. Ni amana. Anayepimwa uaminifu hapo ni yule aliyewekewa. Matangazo yameligeuza neno, yakamvika mteja sifa ambayo mzigo wake uko kwa mwenye duka. Mteja anayerudi kwa sababu ya punguzo la shilingi 50 ana mazoea, na mazoea ni jambo jema, wala sioni aibu ya kuliita kwa jina hilo. Mwaminifu ni nani, litajulikana siku mteja atakapozidai pointi zake.

Wakenya wana mfano ulio karibu kuliko wote. Safaricom iliziita pointi zake Bonga, kutokana na neno la mitaani la kupiga soga: ulipokea pointi kwa kuongea. Kwa muda mrefu watu walizichukulia kama mchezo, za kubadilisha kwa dakika za maongezi au simu mpya. Mwaka 2020, wakati wa korona, zikaruhusiwa kulipia bidhaa madukani kupitia Lipa na M-Pesa, na watu wakanunulia unga. Kilichokuwa soga kikawa unga. Nafikiri siku hizo wengi walielewa, bila mhasibu kuwaambia, kwamba kile kilichokuwa kwenye simu zao kilikuwa mali tangu mwanzo.

Na zile ambazo hazidaiwi kamwe? Kiingereza huziita kwa neno la vitu vilivyovunjika, kana kwamba pointi ni sahani. Sisi tuna lugha bora: husema fedha imelala. Pointi zilizolala hazijafa, muda wa mwisho uliotangazwa ukipita ndipo zinakufa. Kiwango kinaruhusu duka lenye uzoefu wa kutosha kukadiria ngapi zitalala, na kuingiza thamani yake polepole kadiri zile nyingine zinavyotumika; ndiyo maana tuligawanya kwa 16,000, tusigawanye kwa 20,000. Kuna mpaka mmoja. Pale ambapo sheria inataka mali isiyodaiwa ipelekwe serikalini, kama Kenya ilivyojitungia sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa mwaka 2011, fedha inayoangukia humo haiwi chumo la duka hata ikilala miaka mia. Inabaki deni, ila mdai wake amebadilika.

Nilipomweleza binti habari za pointi zilizolala, alinyamaza muda. Akafungua simu, akashuka kwenye orodha ya wateja mpaka jina la mama mmoja wa Dodoma ambaye hakuwa amenunua kitu tangu Novemba. Pointi 310.

"Huyu nikimwacha alale, Mjomba, 15,500 zake zinakuwa zangu?"

"Hazikai peke yake, zimo kwenye makadirio. Lakini ndiyo, kwa jumla yake."

Akapiga. Nilisikia sauti ya upande wa pili kwa mbali, mama akiuliza pointi za nini tena, yeye hakumbuki kuomba chochote.

"Ni hela yako, mama," binti akamwambia. "Ulishalipa."

Kimya kidogo, kisha mama akauliza kama yale mashuka ya sita kwa sita ya rangi ya bluu bado yapo. Binti akashika simu kwa bega, akavuta daftari, akafuta ZAWADI kwa mstari mmoja, na akaninyooshea mkono nimpe kalamu yangu, yake ilikuwa imeisha wino.